Josh Gibson: Rungu au Mikono?

Hapa Nyanchwa, mjini Kisii, nilikoletwa na kazi kutoka pwani, vijana hupimana kwa magoli. Golikipa hutajwa siku afungwapo. Ubishi wao hunikumbusha marehemu Josh Gibson, mdakaji wa besiboli wa Marekani.

Alizaliwa Georgia mwaka 1911, akakulia Pittsburgh. Kwa kuwa alikuwa mtu mweusi, ligi kuu zilimfungia mlango, naye akachezea Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords, timu za weusi wenzake. Mdakaji huchutama nyuma ya mpigaji wa wapinzani, hupokea mipira ya mrushaji wake, na huwazuia wakimbiaji wasiibe kituo. Magoti humuuma, vidole humvunjika, na makofi hayamfikii.

Gibson alisifiwa kwa rungu. Wakosoaji walisema mipira iliyopaa juu ya kichwa ilimsumbua, na kwamba kwa kudaka Biz Mackey alimpita. Haya, na iwe hivyo. Lakini mkono wake ulikuwa na nguvu, na wapigaji hodari huwa haba mno miongoni mwa wadakaji. Kumpata mmoja, kwa maoni yangu, kwafidia mipira kadhaa ya kuponyoka.

Alifariki Januari 1947, umri miaka 35, miezi mitatu hivi kabla ya Jackie Robinson kuingia ligi kuu. Mwaka 2024 ligi hizo zilipokubali hesabu za timu za weusi, wastani wake, mapigo 372 katika kila 1,000, ulimshusha Ty Cobb aliyekuwa na 367.