Bwana Geoffrey Milne na Mnyororo wa Udongo

Sisi tukaao Nangara twaijua nchi ya mteremko. Kutoka mlima Kwaraa hata Ziwa Babati mashamba ya mahindi na mbaazi yameshuka pamoja na nchi. Mtu hupanda mbegu moja siku moja. Bondeni akavuna vema, juu akapata haba. Ndipo wengine huanza kumshuku jirani kwamba ameliroga shamba, na undugu huvunjika. Basi yafaa tumkumbuke mtu aliyelitafuta jambo hili kwa bidii.

Geoffrey Milne alikuwa Mwingereza, mwenye elimu ya kemia ya udongo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alifika Amani, katika milima ya Usambara, penye kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa na Wadachi mwaka 1902. Kazi yake ilikuwa kuujua udongo wa Afrika ya Mashariki, nchi kubwa mno isiyoweza kupimwa shamba kwa shamba.

Bwana Milne hakukaa na chupa zake tu. Alisafiri, akatazama mashimo na tabaka zake, akaona utaratibu. Mahali pengi juu ya kilima pana udongo mwekundu. Katikati rangi hubadilika. Chini iko mbuga, udongo mweusi mzito upasukao wakati wa kiangazi. Akivuka kilima cha pili, aliona mpango ule ule. Maana mvua huchukua chembe ndogo na chumvi za udongo, huzishusha, na bonde huzipokea. Mwaka 1935 aliupa mpango huo jina la katena, yaani mnyororo kwa Kilatini, kwa kuwa kila udongo umeshikana na mwenzake kama pete.

Toka Desemba 1935 hata Februari 1936 alizunguka sehemu nyingi za Tanganyika kuutazama udongo. Mwaka huo wa 1936 ilitolewa ramani ya udongo ya Afrika ya Mashariki, aliyoifanya pamoja na wenzake wa Kenya na Uganda. Alikufa mwaka 1942, kabla habari za safari ile hazijachapwa. Zilitoka mwaka 1947. Neno lake katena lafundishwa hata leo ulimwenguni pote.

Nasi twajifunza nini? Kwamba udongo wa kupimwa usichanganywe wa juu na wa bondeni. Kila sehemu ya mteremko ichukuliwe peke yake: mahali kumi au zaidi, kina cha sentimeta 20, uchanganywe katika ndoo safi, ukaushwe kivulini, uandikwe jina, upelekwe kwa wapimaji. Nao hawatafuti tu chakula kilichomo, bali kile ambacho mizizi yaweza kukipata. Fosforasi yaweza kuwamo katika udongo mwekundu wenye uchachu, lakini imeshikwa kama nafaka katika ghala iliyofungwa. Mwenye kutia mbolea bila kupima aweza kuitupa fedha yake bure.

Bwana wetu alinena juu ya mpanzi na namna za udongo, mbegu ikiwa ni moja. Basi tusimhukumu jirani kwa mavuno haba ya kilimani. Kwanza tuiname, tuupime udongo.