Mikhail Tsvet na Mrija wa Chaki

Tulipokuwa sekondari, wengi wetu tulitia kitone cha wino kwenye karatasi ya kuchujia, tukaona rangi zikiachana. Hatukuambiwa habari za mtaalamu wa mimea aliyelipa jambo hilo jina la kromatografia. Ni Mikhail Tsvet, na jina lake la ukoo kwa Kirusi maana yake ni rangi.

Alizaliwa mwaka 1872 huko Asti, Italia. Baba alikuwa Mrusi. Mama, Mwitalia, alifariki muda mfupi baada ya kujifungua. Mtoto akalelewa Uswisi, na mwaka 1896 akapata udaktari Geneva. Alipohamia Urusi, shahada ile haikutambuliwa. Ilimbidi aanze tena: uzamili Kazan mwaka 1901, kisha udaktari mwingine Warsaw, mji uliokuwa chini ya Urusi, mwaka 1910.

Huko Warsaw, mwaka 1903, alieleza njia yake hadharani. Alishindilia unga wa chaki ndani ya mrija mwembamba wa kioo, akamimina juu yake maji ya rangi ya majani, kisha akafuatisha kiyeyushi kitupu. Karotini ya manjano iliteremka haraka; kijani kilichelewa, kikagawanyika sehemu mbili, kwa maana klorofili si moja.

Ukitazama utadhani kazi yote inafanywa na chaki. Lakini mengi huamuliwa pale juu, sampuli inapoingia. Ikiwa nyingi mno, mikanda ya rangi hupandana. Ukimimina kwa pupa, uso wa unga huchimbika na mikanda hushuka imepinda. Iingie kidogo, iwe tabaka jembamba lililo sawa, izame kwanza ndipo kiyeyushi kifuate. Tena Tsvet alijua kwamba pombe aliyokamulia majani ingezuia rangi zisishike kwenye chaki, kwa hiyo aliiondoa kwanza kwa kuiosha na maji. (Sisi tunaosoma falsafa tungefika hapo tukiwa tumeshachoka.)

Wakemia wakubwa hawakumwamini. Waliuliza: je, unga hauziharibu rangi zenyewe? Kwa maoni yetu swali lilikuwa la haki, na yeye mwenyewe alikuwa amelishughulikia, maana alijaribu unga wa aina zaidi ya 100. Lakini alikuwa mtu wa mimea akiingia shambani kwa wakemia, na kitabu chake kikuu alikiandika kwa Kirusi, lugha ambayo wengi wao hawakuisoma.

Vita vilimtoa Warsaw mwaka 1915. Alihangaika mji hadi mji, afya ikidhoofika, akafariki Voronezh mwaka 1919, akiwa na miaka 47.

Mwaka 1931, huko Heidelberg, Richard Kuhn na Edgar Lederer waliirudia njia yake. Walimimina karotini, iliyodhaniwa kuwa kitu kimoja, juu ya mrija. Zikatoka mbili.