Italo Balbo na Kundi la Ndege Lililovuka Bahari

Wakazi wa Kibera wameizoea ngurumo ya ndege zitokazo Uwanja wa Wilson, nalo jina la Kawangware huhusishwa na ngware, ndege wa porini tumwitaye kware. Kiswahili kimewaweka wote wawili, wa nyama na wa chuma, chini ya neno moja. Marubani wa Kiingereza nao, walipotafuta neno la kuita kundi kubwa la ndege za vita zirukazo pamoja, waliazima jina la mtu: balbo. Sifa za mtu huyo husimuliwa sana. Gharama yake husimuliwa kidogo.

Italo Balbo alizaliwa tarehe 6 Juni 1896 karibu na Ferrara, Italia. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza aliongoza magenge ya Wafashisti yaliyowapiga na kuwaua wakulima na wafanyakazi waliojiunga na vyama vyao. Mwaka 1922 alikuwa mmoja wa viongozi wanne wa maandamano ya Roma yaliyompa Mussolini serikali, na mwaka 1929 akawa waziri wa usafiri wa anga.

Enzi hizo kuvuka Atlantiki kwa ndege kulikuwa ushujaa wa mtu mmoja mmoja. Balbo alitaka kikosi kizima kivuke kwa nidhamu. Alichagua ndege aina ya Savoia-Marchetti S.55, yenye viwiliwili viwili mfano wa mashua pacha, na injini mbili juu ya bawa. Ilitua majini, haikuhitaji uwanja. Desemba 1930 ndege 14 ziliondoka Orbetello. Huko Bolama, katika Guinea ya Wareno, zilipaa usiku zikiwa zimeelemewa na mafuta. Mbili zilianguka, watu watano wakafa. Waliosalia walisonga mbele, wakafika Rio de Janeiro tarehe 15 Januari 1931. Brazili ilizinunua ndege zile kwa kahawa!

Julai 1933 aliondoka tena, safari hii na ndege 25. Moja ilipinduka Amsterdam na kuua mtu. 24 zilipitia Aislandi na Kanada, zikatua ziwani Chicago tarehe 15. Jiji lilimshangilia mno, na barabara ikapewa jina lake.

Mwishoni mwa mwaka huo Mussolini alimteua kuwa gavana wa Libya. Mwaka 1938 Balbo alileta huko walowezi wa Kiitaliano wapatao 20,000 kwa mkupuo mmoja. Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa maana yake. Ni kweli alipinga sheria za kuwabagua Wayahudi na urafiki na Ujerumani, lakini chama hakukihama.

Jeshi la anga alilolijenga lilikuwa limekwisha kumwaga gesi ya sumu juu ya Waethiopia katika vita vya 1935 na 1936. Tarehe 28 Juni 1940, Italia ikiwa haijamaliza wiki tatu vitani, mizinga ya Waitaliano wenyewe iliitungua ndege ya Balbo mjini Tobruk, ikidhaniwa ya adui. Wote tisa waliokuwamo walikufa.

Mwaka uliofuata, askari wa KAR, jeshi ambalo Wanubi wa Kibera walilitumikia kizazi baada ya kizazi, walikuwa miongoni mwa majeshi yaliyowatoa Waitaliano Ethiopia, kutoka Addis Ababa mwezi Aprili hadi Gondar mwezi Novemba. Chicago ilimpa Balbo barabara mara moja. Wanubi walipewa hati ya ekari 288 za Kibera mwaka 2017.