Bibi Maria Montessori na Herufi za Msasa

Katika nchi ya Italia, si mbali na bandari ya Ancona, pana mji mdogo uitwao Chiaravalle. Huko ndiko alikozaliwa Maria Montessori, tarehe 31 Agosti, mwaka wa 1870. Babaye alikuwa mtumishi wa serikali. Mamaye alikuwa mpenda vitabu, jambo lisilokuwa la kawaida kwa wanawake wa siku zile. Alipokuwa na miaka mitano hivi wazazi wake walihamia Roma, naye akakulia huko.

Msichana aliyesoma wakati ule alitazamiwa kuwa mwalimu, basi. Maria hakutaka. Alipenda hesabu, akaingia shule ya ufundi, akikusudia kuwa mhandisi. Kisha akageuza nia, akataka kuwa daktari. Babaye hakupendezwa hata kidogo. Na chuoni nako hakupata raha, kwa maana haikuonekana kuwa ni adabu msichana kupasua maiti mbele ya wanaume. Ikamlazimu kuifanya kazi hiyo peke yake, wenzake wakiisha kwenda zao. Akavumilia. Mwaka wa 1896 akapewa shahada ya udaktari, akawa mmoja wa wanawake wa kwanza wa Italia kuipata. Hivyo yeye aliyeukataa ualimu alishika njia ndefu iliyomrudisha huko huko, kama mtakavyoona.

Daktari huyu kijana alipata kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na kwa ajili ya kazi hiyo alizizuru nyumba za wendawazimu wa Roma. Humo akakuta watoto pia, ambao watu walisema hawafundishiki. Yasimuliwa kwamba katika nyumba moja mlinzi aliwalaumu watoto kwa ulafi, kwa sababu kila walipokwisha kula waliinama sakafuni kuokota makombo. Bibi Montessori akakitazama chumba. Kilikuwa kitupu, hamkuwa na hata kijiti cha kuchezea. Akafahamu kwamba mikono ya watoto wale ilikuwa ikitafuta kitu cha kushika, nayo haikukipata illa makombo.

Basi akatafuta vitabu vya madaktari wawili wa Kifaransa, Itard na Séguin, ambao miaka mingi kabla yake walikuwa wamewafundisha watoto wa namna hiyo. Akavitafsiri kwa Kitaliano, akavinakili kwa mkono wake mwenyewe toka mwanzo hata mwisho, kama walivyofanya watawa wa kale kabla ya kupatikana mitambo ya kupigia chapa, ili apime maana ya kila neno. Kitabu kimoja tu cha Séguin kilikuwa na kurasa 600 hivi. Mwanafunzi anung'unikaye kwa kunakili ukurasa mmoja na alifikiri jambo hili.

Mwaka wa 1900 ilifunguliwa katika Roma shule ya kuwatayarisha walimu wa watoto waliohesabiwa kuwa wapungufu wa akili, naye akawa mmoja wa wakuu wake wawili. Kati ya watoto hao palikuwa na msichana wa miaka 11. Mikono yake ilikuwa na nguvu, lakini kushona hakuweza. Hata kupitisha sindano juu ya uzi na chini ya uzi, ili kuziba tundu la nguo, kulimshinda. Bibi Montessori akamwondolea sindano, akampa vipande virefu avisuke, juu na chini, juu na chini, kama vile ninyi msukavyo mkeka. Alipokwisha kuzoea akarudishiwa sindano, na mara akaweza. Hapo daktari akapata wazo ambalo hakuliacha tena maisha yake yote: kwamba mkono waweza kutayarishwa kwa kazi kabla kazi yenyewe haijaanzwa. Na kama ni hivyo kwa kushona, kwa nini isiwe hivyo kwa kuandika?

Akaagiza herufi zichongwe kwa mti, za mwandiko wa kuunga, herufi fupi zikiwa na kimo cha sentimeta 8. Irabu zilipakwa rangi nyekundu, na konsonanti rangi ya buluu. Watoto walizifuata kwa vidole, kama mtu afuatavyo njia gizani kwa kupapasa ukuta, kisha wakazifuata kwa kijiti. Hatimaye wakaandika. Baadhi yao walifanya mtihani pamoja na watoto wa shule za kawaida, wakafaulu. Watu walipostaajabu, yeye alistaajabia jambo jingine kabisa: ni kitu gani kinachowazuia watoto wazima wa shule za kawaida, hata wakalingana na hawa?

Nafasi ya kulichunguza hilo ilimjia tarehe 6 Januari, mwaka wa 1907. Katika mtaa wa San Lorenzo, uliokuwa mtaa wa maskini, nyumba kubwa za kupanga zilikuwa zimetengenezwa upya. Lakini wazazi walipokwenda kazini, watoto wadogo wasiofika umri wa shule walibaki peke yao, wakichafua kuta na ngazi. Wenye nyumba wakaona heri wawekwe chumba kimoja na mtu wa kuwaangalia. Bibi Montessori akaombwa aisimamie kazi hiyo. Watoto walikuwa 50 au 60, na umri wao tangu miaka 2 au 3 hata 6 au 7. Aliyekaa nao kila siku alikuwa binti wa bawabu wa nyumba ile. (Sisi tuliokwenda chuo cha ualimu tukapata cheti, habari hii hutufanya tunyamaze kidogo.)

Kuandika hakukuwamo katika shauri lake. Aliwaona watoto kuwa wadogo mno. Waliomgeuza ni akina mama, ambao wenyewe hawakujua kusoma wala kuandika. Walimjia wakamsihi awafundishe watoto wao. Akakubali. Lakini sasa hakupata wa kumchongea herufi za mti kama zile za kwanza. Akakata herufi za karatasi ya msasa, ile ambayo seremala husugulia mbao, akazigandisha juu ya karatasi laini. Shida ikazaa jambo bora kuliko la awali. Kwa maana kidole kikipita juu ya msasa husikia ukwaruzo. Kikipotea njia kidogo tu huangukia penye ulaini, na mtoto hujua papo hapo kwamba amekosa, bila mwalimu kusema neno. Tena mtoto aliitamka sauti ya herufi huku akiigusa, hata jicho, sikio na kidole vikajifunza pamoja.

Ni lazima nieleze kwa nini alichagua mwandiko wa kuunga. Katika shule za wakati ule mtoto alianza kwa kuchora vijiti vilivyosimama, ukurasa baada ya ukurasa, ndipo akapewa herufi. Bibi Montessori aliona kwamba vijiti hivyo ni vigumu kuliko herufi yenyewe, kwa kuwa mkono ulioachwa huru hupenda kuzunguka na kupinda. Hauendi wima kama mlingoti. Wala herufi za msasa hazikuwa chombo pekee. Palikuwa na vipande vya mti vya mviringo vyenye vifundo juu, ambavyo mtoto alivitia katika matundu yake. Naye alivishika kifundo kwa vidole vile vile vishikavyo kalamu. Palikuwa na vibamba vya chuma vya maumbo mbalimbali. Mtoto alizungusha penseli kandokando ya umbo, akaujaza mchoro mistari ya rangi, na kila siku mkono wake ukazidi kutulia. Palikuwa na herufi za karatasi ngumu katika sanduku lenye vyumba vidogo, ambazo kwazo alipanga maneno mezani kabla hajaweza kuyaandika. Kitaliano kwa sehemu kubwa huandikwa kama kisemwavyo, karibu sawa na Kiswahili chetu, hivyo mtoto aliyejua sauti aliweza kutunga neno. Mvulana mmoja alionekana akitembea huku akizihesabu moja moja herufi za jina la Sofia.

Hata siku moja ya Desemba, jua likiwaka kama majira ya kuchipua, Bibi Montessori alipanda na watoto juu ya paa la nyumba, lililokuwa tambarare. Akampa mvulana wa miaka mitano chaki, akamwomba amchoree dohani iliyokuwa karibu. Mtoto akachora juu ya vigae. Aliposifiwa akatabasamu, akatulia kidogo, kisha akapaza sauti kwa furaha kwamba yeye ajua kuandika. Akapiga magoti akaandika neno la Kitaliano la mkono, kisha dohani, kisha paa. Wenzake wakamzunguka, wakaomba chaki wakitetemeka, nao wakaandika. Wala hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ameandika neno kabla ya siku ile. Mikono yao ilikuwa imekwisha kuijua njia. Ilikuwa ikingoja tu.

Tangu hapo hapakuwa na kituo. Waliandika milangoni, kutani na sakafuni. Hata juu ya maganda ya mikate akina mama walikuta maneno. Ikawabidi kununua karatasi na penseli ili kuokoa nyumba zao. Mtoto mmoja aliandika mchana kutwa na jioni, akalala na penseli mkononi.

Mwaka wa 1909 Bibi Montessori alitoa kitabu cha habari hizi, nacho kikafasiriwa kwa lugha nyingi. Wengine walimpinga, Kilpatrick, mwalimu wa Marekani, aliandika kitabu kizima mwaka wa 1914 cha kuyapunguza maneno yake. Mussolini alizisaidia shule zake tangu mwaka wa 1924, naye akaupokea msaada huo. Katika hilo naona hakutazama mbali. Miaka kumi baadaye walikosana, na shule zake katika Italia zikafungwa. Mwaka wa 1936 vita vilimwondoa Hispania, akaenda Uholanzi. Mwaka wa 1939 akasafiri kwenda India pamoja na mwanawe Mario. Italia ilipoingia vitani, Waingereza walimtia Mario kizuizini, wakamwachilia siku mamaye alipotimiza miaka 70. Bibi akakaa huko akifundisha walimu mpaka mwaka wa 1946.

Alikufa tarehe 6 Mei, mwaka wa 1952, katika Noordwijk aan Zee, mji wa pwani ya Uholanzi, akazikwa huko. Alikuwa na miaka 81, na katika siku zake za mwisho alikuwa akizungumza habari za safari nyingine: kwenda Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana, kuwafundisha walimu wa Afrika.