Bikila: Kiatu kilibana, akakiacha, akabeba dhahabu

WAPO wanaoamini Abebe Bikila alikimbia peku Roma kwa kukosa hela ya viatu. Siyo kweli. Viatu alikuwa navyo, ila vilimbana.

Nyota huyo wa Ethiopia alizaliwa mwaka 1932 katika familia ya wafugaji, kisha akajiunga na kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Huko akanolewa na kocha Onni Niskanen kutoka Sweden.

Alipotua Roma kwa Olimpiki ya 1960, viatu vipya vikamtoa malengelenge. Kilomita 42 na malengelenge siyo mchezo! Kwa kuwa alishazoea kufanya mazoezi peku, akaamua kuvipiga chini.

Usiku wa Septemba 10 alimwacha Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco kwa sekunde 25, akitumia saa 2:15:16, rekodi ya dunia. Akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki.

Tokyo mwaka 1964, wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo, alivaa viatu. Akashinda tena, kwa saa 2:12:11, rekodi nyingine.

Mwaka 1969 ajali ya gari ilimpoozesha miguu. Bado hakukaa kinyonge, akiwa kwenye kiti cha magurudumu alishindana kulenga shabaha kwa upinde. Alifariki Oktoba 25, 1973, akiwa na miaka 41.

Bikila hakuwahi kuwa adui wa viatu. Alichokataa ni kiatu kisichomkaa.