Bernd Matthias, fundi wa tanuri aliyewakimbia wapiga hesabu

Hapa kwetu Al Warqa AC hazizimwi msimu wa joto, na sehemu ya umeme huo hupotea njiani, waya zikipata moto. Superkondakta haipotezi kitu, ila inataka baridi kali mno. Mtoto wa ndugu yangu anasoma fizikia, na wenzake wanamwambia ati maabara imepitwa, kompyuta ndiyo inayotafuta superkondakta mpya. Nikamtajia Bernd Matthias, maana sijui mtu aliyekataa jambo hilo kwa ukali kama yeye.

Alizaliwa Frankfurt mwaka 1918, akasoma Zurich, na baada ya vita akahamia Marekani kwenye maabara za Bell. Kazi yake ilikuwa kama ya mpishi: anachanganya metali, anayeyusha, anapoza, anapima. Akaona zile zenye wastani wa elektroni karibu 5 au karibu 7 kwa kila atomu ndizo zinazofaa. Kwa njia hiyo yeye na wenzake walipata mamia ya superkondakta. Mwaka 1954 walipata mchanganyiko wa niobi na bati, unaofanya kazi kwenye nyuzi 255 chini ya sifuri, na mpaka leo hutengenezewa sumaku kubwa.

Basi akaweka masharti yake: kaa mbali na oksijeni, kaa mbali na usumaku, na zaidi ya yote kaa mbali na wanafizikia wa nadharia. Hilo la mwisho lilikuwa mzaha, lakini mzaha wenye meno. Nadharia ya 1957 ilieleza vizuri kwa nini umeme unapita, lakini haikumwambia mtu achanganye nini na nini.

Alifariki 1980. Miaka 6 baadaye, karibu na Zurich hiyo hiyo, Bednorz na Müller wakapata superkondakta bora kuliko zake zote, na ndani yake mna shaba na oksijeni! Masharti yake yangewazuia. Lakini hata kompyuta haikuwatabiria, na nyenzo za aina hiyo bado zinawatoa jasho wapiga hesabu.

Walikofaulu ni kwenye hidrojeni. Mwaka 2017 hesabu zilitabiri mchanganyiko wa lanthani na hidrojeni, na mwaka 2019 ikatangazwa kuwa umepimwa ukifanya kazi kwenye nyuzi kama 23 chini ya sifuri, karibu na baridi ya friza la nyumbani. Ila uliminywa baina ya ncha mbili za almasi, kwa mgandamizo wa zaidi ya mara milioni moja na nusu ya hewa tunayovuta, na walioukaza ni watu wa maabara.