Maisha ya Marehemu Robert Wangila, Bondia wa Dhahabu

Huku mitaa ya Eastlands ukimwuliza mzee yeyote aliyewahi kuvaa glavu habari za ndondi, hazitapita dakika mbili kabla hajamtaja Wangila. Mimi nilizaliwa marehemu akiwa ameshazikwa miaka mingi, lakini nimekua nikilisikia jina lake kama la jirani. Nimeamua kumwandika mwaka huu kwa sababu ambayo nitaieleza mbele.

Robert Napunyi Wangila alizaliwa hapa Nairobi tarehe 3 Septemba 1967. Enzi hizo kumbi za jamii kama ya Kaloleni na ya Pumwani ndizo zilizokuwa shule za mabondia: kamba ya kuruka, mfuko mzito unaoning'inia, na vijana wengi wasio na kazi wala karo. Mwaka 1987 Michezo ya Afrika ilifanyika papa hapa Nairobi, naye Wangila akanyakua dhahabu katika uzani wa welta. Mwaka uliofuata akaenda Olimpiki kule Seoul, Korea Kusini. Katika fainali alikutana na Mfaransa Laurent Boudouani, na huyo hakuwa mchezo, kwani baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia. Kijana wetu alimwangusha katika raundi ya pili! Alikuwa na umri wa miaka 21. Hadi leo hakuna Mkenya mwingine aliyeleta nyumbani dhahabu ya Olimpiki ya ndondi. Baba yangu wakati huo alikuwa darasa la tatu, na husimulia kwamba wiki nzima watoto wa ploti yao walipigana wakiwa wamevaa soksi mikononi. Kila mmoja alitaka kuwa Wangila. Hakuna aliyekubali kuwa Mfaransa.

Mwaka 1989 akaingia ndondi za kulipwa huko Marekani. Alipigana mara 27, akashinda 22, na wapinzani 16 kati ya hao hawakumaliza pambano.

Pambano la mwisho lilikuwa Las Vegas, tarehe 22 Julai 1994, dhidi ya David Gonzalez. Katika raundi ya 9 refa Joe Cortez aliona makonde yamezidi, akasimamisha. Wangila alilalamika sana. Yeye alijiona bado mzima na alitaka kuendelea. Muda mfupi baadaye, akiwa katika chumba cha kubadilishia nguo, akazirai. Madaktari walimpasua kichwa ili waondoe damu iliyoganda, lakini hakuamka tena. Alifariki tarehe 24 Julai, akiwa na miaka 26.

Hapo ndipo mimi nilikuwa nakwama kila nikisimuliwa. Mtu atabishana vipi na refa, halafu azirai baadaye? Niliazima kitabu cha Bayolojia cha Kidato cha Nne, maana sisi bado hatujafika huko, nikasoma habari za ubongo. Kumbe ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, nao ni laini kama maziwa yaliyoganda. Umefunikwa na tando tatu na unaelea katika maji ndani ya fuvu. Sehemu kubwa ya juu ndiyo ya kufikiri na kukumbuka, ile ndogo ya nyuma hutupa usawa tusianguke, na chini kabisa, panapoungana na uti wa mgongo, kuna shina linaloongoza pumzi na mapigo ya moyo.

Sasa konde likitua, kichwa huzunguka ghafla na ubongo hubaki nyuma, kama abiria aliyesimama kwenye matatu dereva anapokanyaga breki. Vimishipa vya damu vinavyotoka kwenye ubongo kwenda kwenye utando wa nje huvutika, na vingine hukatika. Damu huvuja polepole. Fuvu ni mfupa, halitanuki, kwa hivyo damu inaukandamiza ubongo hadi shina nalo linabanwa. Na jambo lililonishtua zaidi ni kwamba ubongo wenyewe hauna neva za kuhisi maumivu. Mtu anaweza kusimama wima, akaongea, akakasirika, na huku ndani anavuja.

Nilishtuka kwa sababu muhula uliopita, katika mazoezi, nilipigwa konde la sikioni nikaanza kuona watu wawiliwawili. Kocha aliniuliza kama niko sawa nikasema niko sawa. Kichwa kiliniuma siku mbili. Mama nilimwambia ni homa. Baada ya kusoma kitabu hicho nilimweleza ukweli, akanikokota hadi zahanati usiku huohuo. Daktari alinimulika macho kwa tochi, akanifanya nitembee kwenye mstari kama mlevi, kisha akanikataza ulingo mwezi mzima.

Huo mwezi umekwisha. Kocha ananitaka nirudi kabla ya likizo ya Aprili, na vijana wengine ukumbini wananiita mwoga. Mama hasemi kitu, ila nikichelewa kurudi nyumbani namkuta amesimama mlangoni. Glavu bado ziko chini ya kitanda. Sijaamua.